Mkeka Kwapani

Zombe,
Jumapili, 12 Januari 2025

Baba Ndunge,

Salamu ni nyingi kama punje za ndengu tulizovuna, lakini leo nazikata hapo kwa sababu nina hasira.

Umepiga simu mara nne wiki hii na sikushika. Usifikirie nimeipoteza. Iko hapa mezani, ikilia naitazama tu. Kwa simu wewe huna neno lingine isipokuwa "niko sawa". Hata sijauliza, tayari uko sawa! Kwa hivyo nimerudi kwa kalamu. Ulipokuwa utingo wa lori uliniandikia barua kumi na moja kabla ya kuja kwetu na mbuzi, na katika hizo zote hukunidanganya hata mara moja, isipokuwa ile uliyosema unajua kuogelea. Karatasi inakuaibisha. Simu haikuaibishi.

Swali langu ni moja. Krismasi ulikaa nyumbani siku nne, na siku zote nne ulilala kwa kiti cha sebuleni, blanketi mabegani kama mtu anayengoja gari stendi. Mimi nilikuwa nimetandika shuka mpya. Ukasema ni joto. Joto la Desemba hapa Zombe tumelala nalo miaka thelathini na mbili, leo ndiyo limekushinda?

Niambie ukweli. Ni mimi nimezeeka, ama kuna mtu huko Mtito? Kama yuko, sema. Nitalia, nitamaliza, nitaenda kupanda mahindi yangu. Kitu siwezi ni kukaa hapa nikitazama hicho kiti.

Barua hii naipa Muktar, yule anayenunua mbuzi hapa sokoni na kushuka nao mpaka huko kwenu barabarani. Jibu lako mpe yeye. Simu usipige.

Mkeo bado,
Kathini


Mtito Andei,
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mama Ndunge,

Nimepata barua yako, na nimefurahi kuona mwandiko wako bado unapanda mlima kila ukifika mwisho wa mstari.

Hakuna mtu. Nakuapia. Lile lilikuwa joto, na uchovu wa barabara. Mgongo pia unaniuma kidogo, kidogo tu, si kitu cha kuandikia barua. Kazi ya lori ni ile ile, leo Mombasa, kesho Nairobi. Niko sawa.

Wasalimu wote hapo kanisani. Nimempa Muktar kilo mbili za sukari akuletee.

Mumeo,
Mbaluka


Zombe,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mbaluka wa Kiema,

Leo nakuita kwa jina la baba yako, ujue tumefika wapi.

"Niko sawa" umeiandika mpaka kwa karatasi. Mstari wa mwisho, na herufi zake zimelegea zote. Lakini hayo tuyaache.

Muktar alikuja kuchukua beberu wetu mweusi. Nikampa uji, akakaa, akasema, "Mama, mzee wako ako na afya siku hizi. Kila asubuhi namwona akitoka kwa kina Nadifa na mkeka wake kwapani, anatabasamu." Alisema hivyo, kwa roho safi, kama mtu anayekuletea habari njema! Nilikuwa namwongezea uji, nikaumwaga wote mezani.

Mkeka! Hapa nyumbani kitanda kina joto, lakini huko unatembea na mkeka wako mwenyewe mpaka kwa Nadifa, saa ambayo watu wanapiga mswaki. Mume wangu, hata aibu ya kujificha huna? Watu wa Mtito wote wanakuona, na wewe ni shemasi!

Sikumuuliza Muktar zaidi. Niliona nikiuliza nitalia mbele ya mteja. Nimeingia ndani nikakitoa kile kiti cha sebuleni nikakiweka kwa banda la mbuzi. Kiko huko mpaka leo.

Sitaki uniapie tena. Andika yote, tangu mwanzo. Halafu mimi nitajua la kufanya.

Kathini


Mtito Andei,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kathini,

Ngai wangu! Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwa jiwe nyuma ya kituo cha petroli. Nilipofika kwa mkeka nikacheka mpaka watu wakageuka. Halafu nikafika pale ulipomwaga uji, na sikucheka tena. Nimekukosea sana, mke wangu. Si vile unavyofikiri, lakini nimekukosea.

Sasa nasema yote. Mwandiko ukiyumba, ujue ni aibu, si uongo.

Siendeshi lori. Tangu Agosti siendeshi. Nilikuwa nabadilisha gurudumu pale Kambu, nikasikia kitu kikilia mgongoni kama mti mkavu, nikaanguka magoti. Tajiri mwenye lori akasema nipumzike kidogo, na hiyo kidogo haijaisha. Sasa nakaa kwa lango la uwanja wanapolala malori, nafungua na kufunga. Hiyo ndiyo safari yangu ya Mombasa na Nairobi.

Na kiti. Nikilala chali, Kathini, siwezi kuamka. Sisemi ni vigumu, nasema siwezi. Nikigeuka huku mgongo unashika, nikigeuka huku mguu unakufa ganzi. Hapa kwangu nimefunga ile kamba ya turubai kwa kitanda, upande wa miguu. Asubuhi naivuta kwa mikono miwili mpaka nikae, na maneno ninayosema wakati huo si ya shemasi. Hapo nyumbani hakuna kamba. Ningelala kando yako, kukicha ningekwambia, "Mama Ndunge, niinue." Wewe uliyeolewa na mtu wa kubeba magunia mawili kwa mara moja! Nikaona heri kiti. Nilidhani hiyo aibu ni yangu peke yangu. Sikujua nimekuachia wewe kiti cha kutazama.

Sasa huyo Nadifa wako. Ni mtoto wa dada yake Muktar, na Muktar hakukueleza kwa sababu hapa kila mtu anajua. Anafanya kazi ya kutibu viungo katika kliniki moja hapa. Siku moja alinikuta nashuka ngazi za kliniki kinyumenyume, nikishika ukuta. Akaniuliza, "Baba, umekuwa hivyo tangu lini?" Wewe ndiye ulistahili kuwa wa kwanza kujibiwa swali hilo, na nilimjibu yeye. Kwa hilo nisamehe kwanza.

Akaniambia nije uwanja wa nyuma ya nyumba yao asubuhi, kando ya tangi la maji. Kumbe kuna akina mama wawili wanaopika hotelini, na mwalimu mmoja mstaafu. Kila mtu na mkeka wake. Wenzangu wana ile ya mpira, mimi nilinunua wa ukindu pale Kambu. Wanafanya kitu kinaitwa yoga.

Najua umeshtuka. Mimi pia nilishtuka. Nilisimama pale na kofia, mshipi na viatu vya kazi, nikasema, "Binti, mimi ni shemasi, mambo ya kuabudu nyoka siwezi." Hakukasirika. Akasema, "Baba, mimi nimeswali alfajiri kabla hujaamka. Hapa hatuabudu kitu, hapa tunanyoosha mgongo. Ukitaka kuomba, omba Mungu wako, bora usiache kupumua. Na utoe viatu."

Nikatoa viatu. Soksi ilikuwa na shimo, kidole kizima nje. Akina mama wa hoteli wakatazama tangi la maji kwa heshima.

Siku ya kwanza hatukufanya chochote ila kupumua. Unavuta hewa kwa pua mpaka tumbo linapanda, unaiachilia polepole. Nilidhani ni mchezo. Kumbe sijui kupumua! Nadifa aliniambia, "Baba, unashika pumzi." Nikafikiri, nikaona ni kweli. Miaka thelathini kila nikipita lori lingine kwa hii barabara nilikuwa nashika pumzi, na nafikiri nyingine sikuwahi kuziachilia.

Siku ya pili tulipiga magoti na mikono chini, tukaukunja mgongo juu kama paka, tukaushusha kama ng'ombe. Siku ya tatu tukafanya ile ya mtoto, unapiga magoti unainama mpaka paji la uso liguse mkeka, mikono mbele, unatulia. Mimi paji langu lilibaki juu, mtu angeweza kupitisha mbuzi hapo chini. Nadifa akaweka mto. Akasema wanaoanza wote wanawekewa mto, hakuna aibu kwa mto.

Hayo ndiyo ninayofanya asubuhi na mkeka kwapani. Kama natabasamu nikitoka, ni kwa sababu kwa nusu saa hivi sina maumivu.

Rudisha kiti ndani ama kichome, utakavyo. Mimi nangoja neno lako.

Mumeo,
Mbaluka


Zombe,
Jumapili, 23 Februari 2025

Baba Ndunge,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimejitayarisha kupigana na msichana, halafu unaniletea kamba ya turubai! Nipigane na kamba? Wiki ya pili nililia. Nilikuwa nikikumbuka ile asubuhi ya Boxing Day ulivyotoka kwa kiti umepinda, nikakuuliza kama umelala vizuri, ukasema sana.

Mtu wangu, magunia mawili nani alikuuliza? Mimi sikuolewa na magunia. Mama yangu alikuwa anataka yule fundi wa saa, nikakataa, kwa sababu wewe ulikuwa ukinichekesha. Hiyo tu. Ungebeba hata debe nusu ningekuja.

Sasa sikia nilichofanya, na usimwambie mtu. Nilisoma hiyo ya mtoto nikaona si ngumu. Nikafunga mlango, nikatandika mkeka wa kuanikia ndengu, nikapiga magoti, nikainama. Kushuka nilishuka. Kurudi sasa! Unajua tangu nikiwa msichana nabeba maji na mgongo, kamba kwa paji la uso, na nilidhani wewe ndiye mgonjwa peke yako. Nilikwama pale, kichwa chini, makalio juu, naguna.

Na mlango haukuwa umefungika. Kanini akaingia kuazima ungo. Aiyaa! Kanini mwenyewe, wa kikundi cha maombi! Aliniona akatupa leso chini akaanza kukemea mapepo kwa sauti ambayo mbuzi walikimbia. Akaniwekea mikono miwili juu ya kiuno akakandamiza kwa nguvu zake zote, akisema, "Toka!" Na kitu kikatoka, Baba Ndunge. Nilisikia mgongo umesema kah! na joto likashuka mpaka miguuni. Nikamwambia, "Kanini, kemea tena, lakini chini kidogo."

Ilibidi nimweleze. Nikasema ni mazoezi ya daktari, Baba Ndunge ameyatuma kwa barua. Kanini akafunga mlango vizuri, akauliza, "Na hiyo ya ng'ombe inafanywaje?" Sasa tuko wanne, kila Jumatano baada ya maombi. Kwa hivyo andika zaidi, tena andika wazi, mguu gani mbele na mkono gani wapi. Kanini anasema mwalimu wetu ana maelezo mafupi.

Kiti nimekirudisha ndani, lakini sitaki ukikalie usiku. Njoo Pasaka. Njoo ulale kwa kitanda chako.

Mkeo,
Kathini

Sukari imefika. Siku ile nilikuwa na hasira sikushukuru.


Mtito Andei,
Jumapili, 16 Machi 2025

Mama Ndunge,

Mwambie Kanini mguu wa kulia mbele, goti lipinde lisipite vidole, wa kushoto nyuma umenyooka, mikono juu. Macho yatazame mbele, yasitazame mguu wa jirani. Na asishike pumzi.

Huu mwezi wa Ramadhani Nadifa amefunga. Anafundisha akiwa amekaa kwa kiti cha plastiki, anasema tu, nasi tunafanya. Nilimsomea ile ya kukemea, na nikaogopa atakasirika. Alicheka mpaka akashika tangi la maji. Akasema huyo Kanini ana mikono ya kazi.

Sasa nifike kwa lile gumu. Kila mwisho wa mazoezi tunalala chali, mikono kando, macho tumefunga, kama maiti. Wengine wanaipenda kuliko zote, yule mwalimu hata hukoroma. Mimi hiyo ndiyo ninayoogopa. Nikilala pale ninachowaza ni kuamka. Nadifa amenifundisha njia. Usijivute mbele, anasema. Kunja magoti, geuka ubavu mzima kama gogo, tulia hapo upumue, halafu sukuma chini kwa mkono mpaka ukae. Pale kwa mkeka nimeweza. Kwa kitanda nilijaribu bila kamba, nikaweza siku nne mfululizo. Kathini, nilitembea hapa Mtito kama mtu aliyenunua lori!

Siku ya tano nilikwama. Kamba nilikuwa nimeifungua, nimeitundika ukutani, naiona na siifikii. Nilikaa hivyo mpaka saa tatu, jirani akasikia nikigonga ukuta, akaingia kwa dirisha, akaninyanyua kwa makwapa kama mtoto anayetolewa kwa beseni. Mtu wa miaka hamsini na nane.

Kwa hivyo Pasaka sitakuja. Usikasirike. Nataka kwanza nihesabu asubuhi thelathini bila kamba, ndipo nije nikiwa mtu kamili. Labda Agosti. Umengoja mambo makubwa kuliko haya.

Mumeo,
Mbaluka


Zombe,
Jumapili, 23 Machi 2025

Mbaluka,

Muktar anasema Idd iko karibu, na akishapeleka mzigo huu anaenda kwao, hatapita tena mpaka baada ya Pasaka. Kwa hivyo jibu kwa barua sitapata, na nafurahi.

Njoo na kamba.

Umesikia? Usipoweza kulala bila kamba, njoo nayo. Nitaifunga mwenyewe kwa kitanda, nafunga mbuzi kila siku, fundo langu halifunguki. Mtu kamili sijamwomba. Yule mgonjwa ndiye ninamtaka, huyo huyo wa soksi ya shimo. Wewe mwenyewe uliniandikia hakuna aibu kwa mto. Kwa mto hakuna aibu, kwa mke ndiyo iko?

Agosti ni mbali. Jirani yako ameshakushika makwapa, na mimi je?

Ijumaa Kuu nitapika muthokoi wa mahindi ya kukoboa na nitachinja yule jogoo mkorofi. Nitapika ya watu wawili. Usipokuja nitakula yote peke yangu, na sitakuandikia tena kamwe.

Kathini


Zombe,
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mpenzi wangu Mbaluka,

Umeenda kumuaga mchungaji, nami nimepata nafasi. Hii naikunja ndani ya mkeka wako. Hutaiona njiani. Utaiona Jumatano asubuhi kando ya tangi la maji ukiukunjua, na Nadifa atakuuliza mbona unalia. Mwambie ni mke wangu.

Mambo mengine yanasemeka kwa karatasi tu, hata tukiwa nyumba moja.

Ijumaa ulipoingia na mkeka kwapani huku na kamba kwapani huku, Kanini alikuwa hapa. Aliniambia jikoni, "Dada, huyo amekuja kukaa." Najua utarudi kwa lango lako, kazi ni kazi. Lakini nilipenda alivyosema.

Nilifunga kamba. Uliona fundo. Ukajilaza polepole, magoti kwanza, ubavu, halafu chali, ukavuta hewa tumbo likapanda. Nilizima taa haraka usinione uso. Tangu Agosti sijasikia pumzi zako karibu. Uko na zile za kuvuta kwa pua sasa, na hukukoroma kama zamani. Nilikuwa nimezoea kukoroma.

Jumamosi asubuhi ulidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuona umefungua macho ukatazama kamba. Halafu ukaiacha. Ukakunja magoti. Ukageuka ubavu mzima, ukanipa mgongo, ukatulia pale sana, na mimi nikashika pumzi, mimi niliyemkataza Kanini! Nikaona mkono wako unasukuma shuka, bega likapanda, ukakaa. Umekaa mwenyewe, kamba haijaguswa. Ukajipangusa macho na kona ya shuka. Na Jumapili hivyo hivyo, na leo.

Nilifurahi, Mbaluka. Mungu anajua nilifurahi. Jana kanisani walipouliza nani ana ushuhuda nilisimama, halafu nikakosa pa kuanzia, nikasema tu Mungu ni mwema nikakaa.

Lakini nikwambie na hili, kwa maana tuliahidiana karatasi haidanganyi. Jumamosi ile, chini ya blanketi, mkono wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa nimeutoa kabla hujafungua macho, kiganja juu, nangoja uite. Hukuita. Na nilipoona umeinuka peke yako niliurudisha taratibu usijue, na moyo ukaniuma kidogo.

Kamba yako nimefungia mbuzi, usiitafute. Ukija Agosti, lala chali, pumua, geuka ubavu kama Nadifa alivyokufundisha. Lakini geukia upande wangu. Hata kama unaweza mwenyewe, nipe mkono nikuinue.

Wako,
Kathini